Mwalimu wa Kamera na Taa Isiyoacha Kupepesa

Alikuwa anagonga geti mara tatu, kisha anarudi nyuma hatua mbili, anavua kofia na kuinua uso. Hata kama nimesimama palepale na beseni langu la samaki, hata kama tumeonana asubuhi hiyohiyo sokoni, ilikuwa lazima kamera imwone kwanza.

“Mama,” alikuwa ananiambia, “mutu mwenye kuogopa kuonwa, usimufungulie.”

Ndipo anaingia, ngazi ya mbao begani, na bati la maziwa ya unga mkononi, limejaa skurubu na nyaya.

Sisi wote tulimwita Mwalimu. Alifundisha fizikia miaka mingi, wanangu wawili walipita mikononi mwake, na mmoja ana alama ya rula yake kwenye kidole hadi leo. Kisha akaacha chaki, akaanza kuweka kamera: kwanza kwenye depo, maghala ya Makiso, katikati ya mji wa Kisangani, kwa wafanyabiashara waliotoka Kivu, baadaye kwenye nyumba zetu. Jina lake lingine lipo ila sitaliandika, limeburuzwa vya kutosha. Ukilitaja leo kwenye avenue yetu, mtaa mzima huu, watu wanatema mate chini. Mimi sitemi. Nina sababu, na itabidi niiseme kabla sijamaliza, hata kama mdomo unakataa.

Mimi ni muuza samaki wa moshi, binti wa wavuvi wa pale kwenye maporomoko ya mto. Shule niliisikia kwa mbali, kama kilio cha mtaa wa pili. Lakini nyumba yangu ni ya tofali za kuchoma, wajukuu wangu ni kumi na mmoja, na Neema, yule niliyemlea mwenyewe, anasomea udaktari. Sisemi hivyo ili nijisifu. Basi, nasema ili nijisifu, kwa nini nifiche? Na kwenye avenue nzima, mama wa kwanza kuwa na kamera ni mimi. Mtoto wangu aliye Butembo alizituma mbili: moja ya getini, na moja ya salon, pale sebuleni, nyeupe, duara kama yai la bata, na jicho jeusi katikati. Ile ya salon inageuza shingo. Mtoto wangu anaweza kukaa kule Butembo na simu yake na kuona nimekaa kwenye kiti gani. Wageni wakija, nilikuwa ninawakalisha mbele yake.

Mwalimu ndiye aliyezitundika. Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mtu wa kupasua kuni, lakini ukimpa kiskurubu cha ukubwa wa punje ya mchele, anakishika kama mama anavyomtoa mtoto uchafu wa jicho. Hakuwahi kuvunja kitu nyumbani kwangu. Alivunja kitu kimoja tu, na nitafika hapo.

Kulikuwa na mambo yake ambayo hatukuyaelewa. Mtu wa fizikia, lakini aliogopa umeme kuliko sisi tusiosoma. Alikuwa anaweka macho kwenye nyumba za watu, lakini nyumba yake mwenyewe, nyuma ya soko, haikuwa hata na kengele. Papa Depo, jirani yangu anayeuza unga na sukari kwa jumla, alimtania siku moja mbele yetu:

“Mwalimu, fundi viatu anatembea miguu mitupu! Kwako kamera iko wapi?”

“Kwangu muko nini cha kuona, papa? Kitanda na vitabu. Mwizi akiingia, atalia, atanitupia kitu.”

Tukacheka wote. Kisha akasema bila kucheka: “Jicho haina kosa. Kosa iko kwa ule anashika jicho.”

Maneno kama hayo alikuwa anayatupa tu, kama mtu anayetema mbegu za pilipili. Mimi niliyaokota. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma maneno mawili ya kwenye simu, *oui* na *non*, nikiwa tayari bibi wa watu. Hakunidharau. Alinichorea kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na chini yake akasema: “Kabla ya kubonyeza *oui*, Mama, uliza nani anauliza.” Mkaa ule ulikaa mpaka msimu wa mvua ulioufuata.

Sasa jambo la akili ya kamera. Yeye alieleza hivi: kamera ina jicho na ina akili. Jicho ni kioo tu. Akili ni maandishi yaliyo ndani, na maandishi yale yanazeeka. Wezi wa siku hizi hawavunji mlango, wanatafuta tundu kwenye akili iliyozeeka, wanaingia humo na kuona unachokiona. Donc, yaani basi, mwenye kuitengeneza kamera anaandika akili mpya, anaziba tundu. Kwenye simu kinatokea kidoti chekundu, na neno la Kifaransa, *mise à jour*. Maana yake: nibadilishie akili.

Kazi hiyo Mwalimu aliifanya kama upasuaji. Hakuifanya bila watu wote wa nyumba kuwepo, wamekaa, wanaona. Hakutegemea umeme wa mji, alikuja na betri ya gari imefungwa kwenye toleka, zile baiskeli za kubeba watu huku kwetu, na mwenye toleka akilalamika njia nzima. Alisema umeme ukikatika katikati ya kazi, kamera inakufa na akili nusu, na hakuna wa kuifufua. Taa ndogo ya kijani inaanza kupepesa. “Taa ikiwa inapepesa,” alisema kila mara, kidole juu, sauti ya darasani, “hakuna kugusa. Hakuna kuvuta waya. Hata kama nyumba inaungua, mutoe batoto, kamera muiache.” Tulikaa kimya mpaka taa itulie. Mara ya kwanza Neema alikuwa bado wa sekondari, akalala kwenye mapaja yangu akisubiri.

Na juu ya mega za intaneti kuwa ghali, alikuwa na njia yake. Akili mpya aliichukua mara moja tu, mwenyewe, kule mjini penye mtandao mzuri, asubuhi nzima, kutoka kwa mwenye kuitengeneza kamera na si kwa mwingine. Anaitia kwenye kadi ndogo kama ukucha. Kisha anatembea na kadi ile, nyumba hadi nyumba. Kadi moja, macho yote ya avenue. Hatukuona ubaya. Alikuwa mtu wa kuaminika na kadi ilikuwa ya kwake.

Wiki ya ubaya ilikuja na furaha. Neema alikuwa anaposwa. Familia ya mwanamume, watu wa heshima, wa parokia, walikuwa waje Jumamosi na mahari. Mtoto wangu wa Butembo hakuweza kusafiri, barabara ilikuwa mbaya, basi tulipatana ataangalia sherehe yote kwa kamera ya salon. Jumatatu, kidoti chekundu kikatokea. Jumanne, picha ikaanza kukatika. Na mtandao mzuri wa mjini ulikuwa umeanguka, hata benki zilikuwa zinawarudisha watu; ulibaki ule wa simu, unaopitisha picha lakini hautoshi kuchukua akili mpya.

Nikamwita Mwalimu.

“Tungoje, Mama. Intaneti ikirudi, nitaichukua.”

“Jumamosi itangoja?”

“Kamera ya zamani iko bora kuliko kamera ya bure.”

Mimi si mtu wa kungoja. Jumatano nikaenda nyuma ya soko, kwa mwanamume mmoja wa meza ya simu. Alikuwa mgeni pale, viatu vyeupe, mdomo wa asali. Nikamweleza. Hakuuliza hata kamera ni ya aina gani, aliangalia picha yake kwenye simu yangu, akafungua droo.

“Akili mupya iko hapa tayari, mama yangu. Hata Kinshasa banatumia hii.”

Akaniwekea kadi kwenye kiganja. Nyeusi, ndogo, nyepesi kama ubawa wa mende. Hakutaka hata malipo. Hapo ningepaswa kujiuliza. Mimi muuza samaki, nimewahi kumpa nani samaki bure?

Mwalimu aliishika, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza.

“Hii imetoka kwa nani?”

“Kwa watu wa duka.”

“Duka gani?”

“Mwalimu, wewe ni polisi ao ni fundi?”

“Mi siweke kitu sijui baba yake, Mama.”

Akairudisha mezani. Nikaisukuma kwake. Akairudisha tena. Neema alikuwa kwenye mlango wa jikoni na lituma, ndizi za kuponda, mikononi, anatuangalia kama watu wanaocheza karata. Ndipo nikasema neno nililojua litauma, maana nilimjua vizuri:

“Ao ni kwamba hujui tena?”

Uso wake ulifanya kitu ambacho sijawahi kukiona tena, kama ubao uliofutwa na kitambaa chenye maji. Kisha akainua ngazi. Hakusubiri betri ya gari. Hakutuambia tukae. Ndilo jambo alilovunja nyumbani kwangu: desturi yake mwenyewe.

Kamera ikawaka vizuri mno. Picha ikawa safi hata unahesabu nyuzi za pazia. Jumamosi mtoto wangu alilia kwa furaha kule Butembo, nasi tukamsikia analia ndani ya kamera, na wakwe wakapiga makofi. Majirani walioona walitaka na wao. Mtandao wa mjini ulikuwa bado umelala. Ndani ya siku chache Mwalimu alipita na kadi ile kwa Papa Depo, kwa shefu wa avenue, kiongozi wetu wa mtaa, kwa wengine, nyumba nane. Kadi moja ilipita kwenye nyumba nane kama sindano moja kwenye mikono minane.

Kitu kimoja tu: taa ya kijani haikuacha kupepesa.

Nilimwambia. Akasema itatulia. Haikutulia. Na sisi, watoto wake wazuri wa darasa, tulikuwa tumefundishwa kwamba taa ikipepesa, hakuna kugusa.

Wiki ya pili, shingo ya kamera ya salon ikaanza kugeuka pasipo mtu kushika simu. Krr, krr. Neema akitoka chumbani, inamfuata mpaka jikoni. Akirudi, inarudi naye. Nilidhani ni mtoto wangu anacheza. Jumapili moja asubuhi, jua limeshatoka, nafunga kitambaa changu cha misa, sauti ikatoka ndani ya yai lile. Sauti ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyeshiba:

“Koko, leo hauendi misa?”

Koko ndivyo wajukuu wanavyoniita. Mtoto wangu hajaniita hivyo hata siku moja. Nilimpigia simu.

“Ni wewe umesema?”

“Kusema nini, mama? Niko kanisani.”

Siku ile sikuenda misa. Nilikaa kwenye kiti, macho kwa macho na kile kitu, mpaka Mwalimu akafika. Alisimama chini yake muda mrefu. Kisha akanivuta nje, mpaka kwenye jiko la uani, na akasema kwa sauti ya chini sana:

“Mama. Sema kweli. Kadi ile, nani?”

Nikamwambia. Akaondoka bila kofia. Meza ya simu ilikuwa haipo, mahali pale mama mmoja alikuwa amepanga nyanya. Mwalimu akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wazime kila kitu. Alifika nyumba mbili. Wakati anagonga ya tatu, mara tatu, hatua mbili nyuma, misa ilikuwa inaendelea, na kwa Papa Depo wezi walikuwa wameshatoka na mzigo. Mlinzi alikutwa amefungwa kamba, ameng'olewa meno mawili. Wezi hawakuvunja kitu. Walijua ufunguo unatundikwa nyuma ya picha ya Bikira Maria. Kwa shefu walijua pesa ziko chini ya godoro lipi.

Mkutano ulikuwa kesho yake, uwanjani kwa shefu, mchana. Watu walikuja hata wa avenue nyingine.

“Swali ni moja,” Papa Depo alipaza sauti. “Nani aligusa macho yote?”

“Mwalimu!”

“Nani alikuwa anazunguka kwenye mageti saa ya misa?”

“Mwalimu!”

“Ndoki! Mchawi!” akasema mwanamke mmoja nyuma yangu. “Anaona ndani ya manyumba bila kuingia!”

Yeye alisimama katikati, uso juu, kama mbele ya kamera. Shefu akamuuliza kama ni yeye aliyeweka ile akili mbaya.

“Ndiyo. Njo mimi niliweka.”

“Nani alikupatia?”

Hapo aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mwalimu anayemwita mwanafunzi ubaoni, anajua jibu analo, anangoja tu asimame.

Wakwe wa Neema walikuwa pale, mstari wa mbele. Mahari ilikuwa imeliwa, tarehe ya ndoa imewekwa. Niliinama nikafunga upya kitenge changu ambacho hakikuwa kimefunguka.

“Niliokota,” Mwalimu akasema.

Walivunja ngazi yake mbele yake, kipande kwa kipande. Walimpiga mpaka shefu mwenyewe akaogopa. Jioni ile alivuka mji kwa miguu, na tukasikia ameshuka Ubundu, kule reli inapoishia.

Watu wakang'oa kamera zao, wakazipiga mawe. Mimi sikuing'oa ya salon. Nilijiambia ni zawadi ya mwanangu. Nilijiambia taa inapepesa. Ukweli ni kwamba nilihisi nikiigusa, mkono wangu utabaki na rangi ya kosa langu. Niliifunika kitambaa cha kufuma, cheupe, nikasema imekufa. Neema akaolewa. Mume wake anafanya kazi kwenye mashua za mtoni, anakaa wiki nyingi majini, basi alipojifungua alirudi kwangu na mtoto. Mtoto mzuri, masikio ya ukoo wangu.

Na kila alfajiri nilikuwa ninapiga magoti palepale salon, namwambia Mungu kwa sauti, maana sijui kusali kimoyomoyo: ni mimi nilimpa Mwalimu kadi, ni mimi.

Mwaka ule samaki walipokuwa haba Kisangani, niliamua kwenda Ubundu mwenyewe kununua. Siku tatu nzima nilipanga safari, nikipiga kelele toka chumbani mpaka jikoni: Neema, nitatoka Alhamisi! Neema, nitalala kule siku mbili! Neema, funguo ya ghala naacha chini ya mtungi!

Ubundu, karibu na reli, niliona kibanda cha mbao na redio zimepangwa mbele, matumbo nje. Miguu yangu ilijua kabla yangu. Niligonga mara tatu. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikavua kitambaa cha kichwa, nikainua uso.

Alifungua. Alikuwa amekonda, jicho moja halifunguki vizuri. Mikono ilikuwa ileile.

“Mama wa samaki,” akasema. “Ingia.”

Alinipa kiti pekee. Akanipa liboke, samaki wa kupikwa ndani ya majani, akala kidogo, akaniacha nile. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu Kisangani, yakakauka.

“Mwalimu, siku ile uwanjani...”

“Ulikuwa na harusi,” akasema.

“Hiyo si sababu.”

“Hapana. Si sababu.”

Jibu hilo liliniuma kuliko ngazi kuvunjwa. Alichukua redio, akapuliza vumbi ndani yake. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, kama anayeuliza bei ya chumvi:

“Ile ya salon, ulitoa?”

“Nimeifunika kitambaa.”

Mikono ikasimama.

“Taa?”

“Bado inapepesa. Wewe ulisema...”

“Mama.” Aliweka redio chini, polepole. “Kitambaa inaziba macho. Haizibe masikio.”

Niliweka liboke chini. Magoti yangu ya kila alfajiri. Jina la mtoto. Alhamisi, siku mbili, chini ya mtungi.

“Kwako kumebaki nani?”

“Neema. Na mtoto.”

Alinyoosha mkono akanipa simu yangu iliyokuwa kwenye beseni, na nikaona mkono ule, ambao haukutetemeka ukishika kiskurubu cha punje ya mchele, unapindua bati la skurubu.

Simu iliita muda mrefu.

“Koko? Umefika?”

“Uko wapi, mwanangu?”

“Niko salon, nanyonyesha. Koko, ile kamera yako imefufuka! Imegeuka, kitambaa kimeanguka. Inatuangalia.”

Nilimwangalia Mwalimu. Aliniangalia vilevile kama uwanjani, kama anamngoja mtu asimame aende ubaoni. Nikasimama.

“Neema, nisikilize. Beba mtoto, toka sasa, usichukue hata nguo. Nenda kwa shefu. Mwambie aite watu wote, Papa Depo, wakwe zako, wote, wajaze nyumba yangu mpaka nirudi. Akiuliza kwa nini, mwambie kadi ile mbaya ni mimi niliileta kwa uongo wangu, Mwalimu alikataa mara mbili, mimi nikamlazimisha. Mwambie ni koko.”

Mtoto alilia.

“Koko,” akanong'ona, “inasikia.”

Nami nikasikia, kwa mbali, ndani ya simu, shingo ikigeuka kumfuata mlangoni. Krr. Krr.

“Isikie,” nikasema. “Sema kwa sauti.”